Pima Shingo Yote

Wadogo zangu mlioingia ofisi za usanifu majengo hapa Tokyo, juzi nimemwona mwenzenu akirudi kutoka kiwanjani anachekelea, tepu mkononi, kipimo kimoja tu daftarini. Tumbo likanicheza.

1. Barabara isiyofika mita 4: anzia katikati yake, rudi mita 2, kisha ndipo upige hesabu ya kenpeiritsu, yaani sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Kile kipande ulichoachia barabara si kiwanja tena.

2. Hatazao-chi, kiwanja chenye umbo la bendera na mlingoti wake: chenyewe kiko nyuma, na kijia chembamba, ndiyo shingo, hukifikisha barabarani. Hapa kaeni kitako. Mwaka wangu wa pili nilipewa kiwanja cha namna hiyo, nyuma ya nyumba za watu. Nikapima shingo pale barabarani: mita 2.03. Sheria inataka 2. Basi nikachora miezi mitatu! Paa nikalikata kufuata shasen ya kaskazini, ule mstari wa mshazari ambao jengo haliruhusiwi kuuvuka, dirisha nikaliweka pale jua la asubuhi linapopenya kati ya majirani wawili. Mteja, mama mjane, alishachagua pa kuweka butsudan, madhabahu ya nyumbani ya kumkumbuka mumewe.

Mpima ardhi akaja. Katikati ya shingo, penye ukuta wa jirani, mita 1.94. Sentimita sita, vidole vitatu, na kibali hakitoki.

Sensei, bosi wangu, hakunifokea, na heri angefoka. Alivaa suti, akanunua boksi la vitamutamu, tukaenda kwa jirani. Niliinama pale genkan, ukumbi wa mlangoni, hadi nikazijua nyufa zote za sakafu. Mzee akasema ukuta ule aliujenga na marehemu kaka yake. Tulirudi mara tano. Mwishowe akauza kipande. Kubomoa na kujenga ukuta upya kulitoka mfukoni mwa ofisi. Yule mama alisubiri miezi saba, na kila nilipompigia simu ni yeye aliyeniomba radhi kwa usumbufu. Hilo sijalimeza mpaka leo.

3. Mtelemko wenye ukuta wa kuzuia udongo uliozidi mita 2: ulizia cheti cha ukaguzi kabla hujaahidi chochote.

4. Najua nyote mnataka ua wa katikati kama wa nyumba ya msanifu Tadao Ando kule Sumiyoshi, Osaka, 1976. Haya. Ila mwambieni mteja kwamba mle, usiku wa mvua, chooni watu huenda na mwavuli.

5. Tepu ya mita 5 iacheni. Ya mita 30 imo droo ya chini, ina jina langu. Na aliyeichukua Jumanne airudishe.