Miaka 22 ya kula njiani

Swali lenu la wiki hii limenikuta jikoni nachambua maharage. Mmeuliza: “Chakula kipi kinakupa raha zaidi, cha nyumbani au cha mgahawani, na kwa nini?” Jibu langu ni cha nyumbani kila siku, na cha mgahawani mara moja kwa mwezi. Ila hiyo “kwa nini” ina safari ndefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni dereva mstaafu wa malori. Tangu 1996 mpaka 2018 njia yangu ilikuwa Dar es Salaam–Tunduma, na mizigo mingi ilivuka mpaka na kuingia Nakonde, upande wa Zambia, kwenda Lusaka, mingine mpaka Lubumbashi kule Kongo. Dar hadi Tunduma peke yake ni kilomita zaidi ya 900. Katika miaka yote hiyo, kwangu Morogoro nilikula siku nne au tano kwa mwezi. Siku nyingine zote nilikula njiani, na kwa miaka mingi ya mwanzo ilikuwa kwa akina mama ntilie, kwenye hoteli za stendi, kwenye vibanda vya karibu na mizani, popote njaa iliponikuta. Wenzangu wakiuzungumzia mgahawa kama starehe, mimi niliuona kama kituo cha mafuta: unaingia, unajaza, unaondoka.

Sisemi chakula cha njiani ni kibaya. Pale Makambako palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiunga mboga za majani kwa karanga. Asubuhi ya Makambako ina baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa, na unapofika kibandani kwake ugali unatoa mvuke, moto wa kuni unalia, unajisikia kama mtu aliyekuwa anasubiriwa. “Baba, leo umechelewa, maharage yako nimeyaweka pembeni,” ataniambia. Kwa mama kama huyo unakula chakula cha nyumbani, ila nyumba ni ya mwingine. Mungu ambariki popote alipo.

Shida ilikuwa kwa wale wanaopika kwa kukimbizana na mabasi. Basi linasimama dakika chache, abiria wanashuka mbio, na chakula lazima kiwe tayari kabla yao. Kwa hiyo wali umepikwa alfajiri, nyama imepashwa na kupashwa tena. Mwaka 2009 nilikula kuku wa namna hiyo katika hoteli moja ya njiani, sitaitaja jina. Nililala siku mbili kwenye zahanati ya kijiji nikiwa na dripu mkononi, lori limeegeshwa nje na mzigo wa watu. Tabibu wa pale alinieleza jambo ambalo sijalisahau: chakula kilichoiva kikiachwa saa nyingi kwenye joto, vijidudu huzaana humo, na baadhi yake huacha sumu ambayo hata ukikichemsha upya haiondoki. Nilikuwa nikiamini kwamba chakula kikishachemka basi kimekuwa salama. Kumbe sivyo.

Nilipopona nikaanza kupika chini ya tela.

Mliosafiri kwa basi njia ile mmewaona madereva wamechuchumaa kivulini, kati ya matairi, sufuria imefunikwa kwa sahani. Ubavuni mwa tela hufungwa sanduku la chuma. La kwangu lilikuwa na jiko dogo la gesi, sufuria mbili, mwiko, kisu, unga, mchele, chumvi, chupa ya mafuta na mfuko wa dagaa. Vingine vyote barabara yenyewe inavitoa. Ukipita Ruaha Mbuyuni unanunua vitunguu, Ilula unapata nyanya kwa ndoo, ukishuka Igurusi unakutana na mchele wa bonde la Usangu, Uyole kuna viazi. Ile barabara ni soko refu, na dereva anayepika mwenyewe anaijua kwa namna ambayo anayekula hotelini haijui.

Utingo wangu alikuwa kijana wa Kigoma, na dagaa ni yeye aliyenifundisha. “Mzee,” aliniambia, “hawa wa Mwanza wengi wanaanikwa mchangani, usipowaosha vizuri unatafuna mchanga. Wa kwetu Kigoma wana mafuta yao.” Akanionyesha. Unatoa vichwa. Unawaweka kwenye sufuria kavu, moto mdogo, unawageuza taratibu mpaka waanze kulia kama majani makavu yanayokanyagwa. Unawamwagia maji ya uvuguvugu, unawaosha mara mbili tatu, unawachuja. Halafu mafuta, kitunguu kingi, na dagaa wanarudi jikoni mpaka wakauke na kupata rangi. Nyanya ni mwisho kabisa, pamoja na pilipili na ndimu. Ukitanguliza nyanya, dagaa wanalegea na shombo inabaki.

Ugali tulikuwa tunausonga wawili. Jiko lile dogo halikuwa imara, kwa hiyo mmoja anashika sufuria kwa matambara huku na huku, mwingine anakandamiza kwa mwiko. Ukiwa na haraka unakula ugali mbichi, na ugali mbichi utakusumbua tumboni mpaka Kitonga. Foleni ya Tunduma ilitufunza subira. Siku mbili, siku tatu magari hayasogei, huna pa kukimbilia. Uji unauacha utokote mpaka uive kweli, ndipo unaongeza unga. Tulitandika turubai chini, tukanawa kwa maji ya dumu, tukala. Madereva wa Zambia na wa Kongo walikuja na vya kwao. Mkongo mmoja alituonjesha sombe, yaani kisamvu, alichokiunga kwa mawese, na yule utingo wangu alifurahi karibu kulia kwa sababu mawese ndiyo mafuta ya kwao. Hapo, katikati ya moshi wa magari na vumbi la mpakani, ndipo nilipoelewa kwamba chakula cha nyumbani hakihitaji nyumba. Kinahitaji mtu aliyekaa na sufuria yake mpaka chakula kikaiva, na anayekijua kila kilichoingia humo.

Nilipostaafu nilirudi nikiwa na ujuzi huo, nikaukuta ufalme wa mtu. Mke wangu ni Mluguru wa Mgeta, na jiko amelishika peke yake tangu tuoane. Wiki za mwanzo alinifukuza: “Baba, toka, utaniunguzia sufuria.” Nilimpikia dagaa, akala kimya, akaongeza. Siku hizi maharage ni yangu, siku tatu kwa wiki, na naomba niseme kidogo kuhusu maharage kwa sababu watu wengi wanayadharau.

Maharage yanaanza jana yake. Unayachambua kwenye ungo, unayaloweka usiku, asubuhi unamwaga yale maji na kuweka mapya. Ukiyaloweka yanaiva kwa muda mfupi zaidi, na kwa sisi tuliohamia kwenye gesi hilo linaonekana kwenye mtungi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, maana milima yetu ya Uluguru nimeiona ikipungua miti tangu nikiwa kijana. Ila familia nyingi zinabakiza mkaa kwa ajili ya maharage tu, kwa kuogopa gesi itaisha. Jamani, loweka. Nusu ya kazi inafanywa na maji usiku ukiwa umelala.

Yakishaiva naikalia mbuzi ya nazi. Mke wangu ana mashine ya kusagia, lakini nazi ya kukuna kwa mbuzi naisikia tofauti ulimini, na kazi yenyewe inanituliza. Nakamua tui zito, naliweka pembeni. Naongeza maji ya uvuguvugu kwenye machicha, nakamua tui la pili, jepesi. Hili jepesi linatangulia kwenye maharage pamoja na kitunguu, karoti ya Mgeta na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, itoe harufu bila kuchoma. Tui zito linaingia mwishoni, na hapo huondoki. Unachota kwa upawa na kumimina, unachota na kumimina, moto mdogo, sufuria wazi, mpaka lichemke kwa utulivu. Ukigeuka kujibu simu, tui linakatika, mafuta yanakaa kivyake na maji kivyake.

Tunakula mkekani na wajukuu wawili. Sahani moja kubwa ya wali, bakuli la maharage, mchicha, na parachichi kama ni msimu wake. Jirani akipita anakaribishwa, na mara nyingi anakaribia kweli. Hakuna anayepiga honi nje. Kwa mtu aliyekula miaka 22 akiwa na jicho moja kwenye sahani na jingine kwenye lori, utulivu huo una utamu wake, na sijauzoea mpaka leo.

Sasa mgahawa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka, mimi na mke wangu. Tunatenga fedha mapema, hatukopi kwa ajili hiyo. Nina msimamo mmoja: tunakwenda kula kile ambacho jiko letu haliwezi. Siendi kulipia wali maharage. Naenda kwa ajili ya mkate wa naani unaotoka kwenye tanuri la udongo, ambapo mpishi anaupiga donge lake kwenye ukuta wa tanuri wenye moto mkali, unashika pale pale, na muda mfupi tu anauchomoa kwa chuma una madoa meusi na mapovu. Nyumbani nimejaribu kwenye kikaango, ukatoka kama chapati ngumu. Naenda kwa ajili ya biriani iliyopikwa kwenye sufuria la kulisha watu hamsini, maana mchuzi wa biriani unapenda wingi wa vitunguu na moto wa muda mrefu. Naenda kwa ajili ya mishkaki ya jiko refu la mkaa. Hayo ni mambo ya watu wenye vyombo vyao na mkono uliozoea, na fedha yangu nawapa kwa furaha.

Lakini sababu kubwa niliijua siku ya kwanza tulipotoka, mwaka 2018. Tulipomaliza kula, mke wangu alisimama akaanza kukusanya sahani. Mhudumu, binti mdogo, akamwahi: “Mama, acha tu, ni kazi yetu.” Akakaa. Akaweka mikono mapajani akawa anaangalia meza inavyofutwa, kwanza upande wake, halafu upande wangu. Hakusema neno. Tulipokuwa tunarudi kwa miguu ndipo aliponiambia kwamba tangu aolewe, hapajawahi kuwa na mtu aliyeondoa sahani mbele yake akiwa ameketi.

Nilishindwa kumjibu. Mimi, kabla sijaanza kupika chini ya tela, nilikuwa nimehudumiwa mara tatu kwa siku kwa miaka mingi, nikichukulia kwamba ni adha ya kazi. Nilikuwa nimechoka na kitu ambacho yeye hakuwahi kukionja. Na muda wote huo, kila nilipofika nyumbani nimechoka nikasema “nimeukumbuka mkono wako,” nilimaanisha apike.

Tangu siku hiyo nimebadilika kwa mambo mawili. Kwanza, nyumbani naosha vyombo, na wajukuu wanaona babu yao anaosha vyombo. Pili, mgahawani simharakishi. Anashika orodha ya vyakula kwa muda anaotaka, anauliza hiki kinapikwaje, anabadilisha mawazo, anaagiza juisi ya ukwaju halafu ya pili. Amevaa kitenge chake kizuri. Siku moja aliomba kuonana na mpishi, akaenda mpaka mlango wa jikoni akamshika mkono yule mama aliyekuwa anatoka jasho, akamwambia, “Dada, pole na kazi, mkono wako mtamu.” Yule mama akamweleza siri ya vitunguu vyake: anavianika kidogo juani kabla ya kuvikaanga, vinakuwa vikavu na havinywi mafuta sana. Sasa hata pilau letu la sikukuu limebadilika.

Yule utingo wangu leo ni dereva, ana semi yake na utingo wake. Juzi jioni alinipigia akiwa kwenye foleni Tunduma. Alikuwa amenunua nazi Chalinze, na siku hizi sanduku lake lina mbuzi ya nazi.

“Mzee shikamoo. Tui linanikatikia, nimekosea wapi?”

“Marahaba. Umefunika?”

“Nimefunika.”

“Funua. Punguza moto, chukua upawa, usiondoke.”

Nikasikia kifuniko kikigonga chuma cha tela, na nyuma yake mtu akisema kwa Kiswahili cha Lubumbashi kwamba harufu imemfikia, anakuja na sahani yake.