Sikukuu ufukweni: maji yana ratiba yake

Maswali ya Krismasi na Mwaka Mpya yamejaa kama daladala ya Mbagala saa 12 jioni, na nusu yake ni swali moja lililobadilisha nguo tu. Hayo nimeyafunga furushi moja. Waliouliza "kiingilio shilingi ngapi?" bila kutaja ni wapi, sina la kuwajibu. Hata mganga huuliza jina kwanza.

Tunataka kuwapeleka watoto Coco siku ya Krismasi. Ni salama kuogelea? (Sinza, Tabata, Kimara, na wengine wengi)

Saa ngapi? Kila mwaka mnataja ufukwe na kuacha saa, wakati saa ndiyo swali lenyewe.

Maji ya Dar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku ratiba inasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na ukifika kumi na tano, ni bamvua: kati ya maji kupwa na maji kujaa tofauti yake inapita mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi na kujaa kabisa saa 10 au saa 11 jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: yanajaa asubuhi, yanapwa jioni, na tofauti ni ndogo. Kwa hiyo mwenye kalenda ya mwezi mwandamo ukutani tayari ana nusu ya jibu. Nusu nyingine, yaani saa kamili, ipo kwenye majedwali ya maji ambayo simu yako inaweza kuyafungua, ukiiachia nafasi kati ya video mbili.

Sasa itazame familia ya siku ya bamvua. Inafika saa 5, bahari imekimbia, mwamba uko nje, watoto wanachezea vidimbwi. Baba anatangaza: "Hapa ni maji ya magoti." Chakula kinapakuliwa. Saa 8 watoto wanarudi palepale walipokuwa. Tatizo ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajongea, saa ya tatu na ya nne yanakimbia, na katika saa hizo mbili peke yake huingia nusu ya maji yote. Kama yalipwa saa 4 na nusu, mbio zenyewe ni kati ya saa 6 na nusu na saa 8 na nusu, wakati mko kwenye pilau. Bahari imeongezeka mita moja na nusu na hakuna aliyeiona ikiongezeka, maana wote mlikuwa mmeipa mgongo.

Coco ina mwamba wenye mashimo na makali. Maji yakiufunika huoni unapokanyaga, na wimbi dogo tu linatosha kumsugua mtoto juu yake. Rai yangu haijabadilika: Coco nenda ukale muhogo na mishikaki, watoto wakimbie mchangani. Kuogelea, tafuta mchanga mtupu unaoteremka taratibu, kama upande wa Kunduchi, na uwavalishe yeboyebo hata humo. Pia, mvua kubwa ikinyesha usiku, kaa mbali na mdomo wa Mto Msimbazi pale Selander kwa siku mbili tatu. Kinachoshuka na mto ule unakijua.

Wanangu wanajua kuogelea na tumewanunulia tyubu. Bado nikae nao, au napumzika kidogo na mimi? (Mama wa watatu, Ukonga)

Pumzika, mama, lakini kwa zamu. Kinachoua watoto wakati wa sikukuu ni wazazi kumi kwa mpigo, kila mmoja akiamini mwenzake anatazama. Tafuteni kofia moja, au filimbi. Aliyeishika ndiye mlinzi kwa dakika 20: haongei na simu, hageuzi nyama, hatumwi soda. Zamu ikiisha anamkabidhi mwingine mkononi na kumtajia idadi: "Wako sita, wawili wana fulana nyekundu." Mkubwa mmoja majini asipewe watoto zaidi ya wawili, na wa chini ya miaka 5 awe mahali unapomfikia kwa mkono bila kupiga hatua.

Msingoje kelele. Mtoto anayezama hana pumzi ya kupiga kelele. Kichwa kimelalia nyuma, mdomo unazama na kuibuka, mikono inakandamiza maji pembeni kana kwamba anapanda ngazi asiyoiona. Ukimwita na hajibu, usimwite mara ya pili. Ingia.

Tyubu ni mchezo, si kifaa cha uokoaji. Mtoto anateleza katikati yake kama sabuni, na kabla ya hapo upepo umeshamsogeza mahali ambapo miguu haifiki chini. Asubuhi umande huvuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, kwa hiyo ule utulivu mnaousifia ndio unaomchukua. Na nguo ya kuogelea ya bluu mrudishie muuzaji. Ndani ya maji haionekani. Chungwa iliyokolea au nyekundu.

Je, mkojo unaponya ukichomwa na wale viumbe wa mviringo wa baharini wenye miiba myeusi? (Kijana, Temeke)

Hapana. Toa miiba inayoonekana kwa kibano bila kuchimbua, kisha tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia, nyuzi 40 hadi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, maana mguu wenye maumivu hautambui kuungua. Mwiba ulioingia kwenye kiungo cha kidole ni kazi ya hospitali.

Tumealikwa disko toto tarehe 25 mchana, ukumbi uko karibu na nyumbani. Polisi wanakataza kila mwaka lakini yapo tu. Niwapeleke? (Baba, Mbagala)

Usiwapeleke. Wanaodhani katazo hilo ni polisi kuchukia raha za watoto waikumbuke Tabora, sikukuu ya Idd mwaka 2008. Watoto walijazwa ukumbini kupita uwezo wake, hewa ikaisha, na wapatao 20 hawakurudi nyumbani. Mwenye ukumbi analipwa kwa kichwa, kwa hiyo hana sababu ya kusema pamejaa. Mlango wa pili umefungwa kwa kufuli ili wasiolipa wasipenye, madirisha yamezibwa ili kuwe giza la disko, feni mbili zinapiga hewa ileile, na mkubwa pekee aliyemo ndani ni mpiga muziki.

Kama watoto wanataka muziki, weka spika uani, alika watoto wa jirani, nunua soda kreti mbili. Itakugharimu kiasi kilekile na utawahesabu mwenyewe. Wakitaka kutoka, Kijiji cha Makumbusho pale Barabara ya Bagamoyo kina nyumba za asili za makabila, miti na nafasi ya kukimbia.

Tupo 14, tunakwenda kisiwa cha Mbudya. Tujue nini? (Ukoo mmoja wa Kinyerezi)

Kwanza mjue kwamba 14 si lazima wapande boti moja. Uliza uwezo wa chombo kabla ya kuuliza bei, na mtoto mchanga ni abiria, si mzigo wa mama yake. Jaketi okozi livaliwe kabla ya kusukuma boti. Mnaloambiwa "lipo chini ya kiti" ni sawa na halipo. La mtoto lijaribiwe hivi: mvishe, funga kamba zote pamoja na ya katikati ya miguu, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Kidevu kikizama ndani, ni kubwa mno. Akianguka majini litabaki lenyewe juu na yeye atatoka kwa chini.

Desemba ni kaskazi. Asubuhi bahari hulala, mchana upepo huinuka na mawimbi mafupi huanza kurusha maji ndani ya boti. Ondokeni saa 3, rudini kabla ya saa 9. Nahodha anayesema "hata saa 12 tutarudi" atakuwa na giza na upepo na abiria waliochoka, vyote kwa wakati mmoja. Kisiwani mnateremkia majini, kwa hiyo simu na nguo za kurudia ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Ogeleeni upande unaotazama bara. Upande wa nje una mwamba na mawimbi ya bahari wazi.

Mbudya ni eneo tengefu pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, tangu mwaka 1975. Kuna ada, na Mtanzania hulipa chini ya mgeni, basi bebeni vitambulisho badala ya kubishana getini. Makombe na matumbawe hayaondoki. Na kile kiti cha pweza, kiumbe chenye umbo la nyota, mnachokinyanyua juu kwa ajili ya picha kinahitaji maji ili kiishi. Kipigeni picha kikiwa palepale kilipo.

Ni chakula gani kisichoharibika ufukweni? Mwaka jana nusu ya familia iliendesha tumbo. (Shangazi, Gongo la Mboto)

Pole, shangazi. Mbili tatu nina hakika: wali ulipikwa usiku, ulikuwa wa nazi, na asubuhi ulipashwa.

Wali wa nazi ni wa kula nyumbani. Huchacha haraka kuliko wote. Na wali wowote uliolala kwenye sufuria jikoni huota vijidudu vinavyotoa sumu isiyokufa kwa moto, ndiyo maana kupasha hakukuwasaidia. Pilau ipikwe alfajiri siku ileile, kilo 1 ya mchele kwa watu 7, kwa sababu maji ya chumvi yanaleta njaa. Hotpoti mwagie maji yanayochemka, funika dakika 10, mwaga, ndipo upakue pilau ikiwa bado inatoa mvuke, na ijae hadi juu. Hotpoti kubwa iliyojaa nusu hupoa njiani, heri mbili ndogo. Chakula kikishapoa una saa mbili; kwenye jua la nyuzi 32 hesabu saa moja. Kisha ni cha kumwaga, hata kama nyama ilikuwa ghali.

Kachumbari ikatwe huko huko. Beba nyanya nzima, kitunguu, kisu na ndimu. Mayonezi iache dukani. Nunua chupa za maji za lita 1.5, zigandishe usiku, zipange juu ya kuku aliyeungwa viungo (baridi hushuka), na jioni utakuwa na maji ya kunywa. Maji mengine kadiria lita 2 kwa kila mkubwa. Bia na soda hazihesabiwi humo.

Kigamboni: kivuko au daraja? (Wengi)

Mwenye gari, Daraja la Nyerere kupitia Kurasini, lipo tangu 2016 na lina tozo. Asiye na gari, mwendokasi hadi Kivukoni, kisha kivuko, na urudi kabla ya magharibi, maana saa 1 usiku tarehe 25 pale ng'ambo panakuwa na umati wa mji mzima. Ukivuka na gari, abiria washuke, dereva abaki peke yake na vioo viwe chini.

Mtoto alitolewa majini, watu wakambinua kichwa chini na kumkamua tumbo. Ndivyo inavyopaswa? (Jirani, Mtoni)

Sivyo, na ninaandika hili kila Desemba. Kukamua tumbo hutoa matapishi, matapishi huingia mapafuni, na mtu aliyekuwa na nafasi anaipoteza. Mlaze chali. Tazama kifua sekunde 10. Hapumui? Inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 mpaka kifua kiinuke. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, mara 30, pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto kifua kishuke theluthi ya unene wake. Mwingine apige 112 polisi au 114 Zimamoto na Uokoaji. Akizinduka na kuomba soda, bado anakwenda hospitali. Mapafu yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Kabla ya hapo kuna suala la nani anaingia kumwokoa. Shujaa asiyejua kuogelea huongeza maiti. Dumu la lita 20 lililo tupu na kufungwa kifuniko humwelesha mtu mzima. Lifungie kamba ya mita 15, lisimame karibu na mkeka wenu siku nzima. Lina kazi kuliko spika.

Mwanangu ana ualbino. Nimwache nyumbani? (Mama, Chanika)

Usimwache. Fika saa 12 asubuhi, aogelee hadi saa 4, halafu kivuli mpaka saa 10. Kofia ya ukingo mpana pande zote, shati la mikono mirefu hata majini, miwani ya jua. Mafuta ya kukinga jua ya kipimo cha 30 au zaidi, robo saa kabla ya kutoka, tena kila saa mbili na kila akitoka majini. Kijiko cha chai kwa uso, shingo na masikio, kimoja kila mkono, kimoja kila mguu, kimoja kifuani na kimoja mgongoni. Wengi hupaka robo ya hicho kisha husema hayafanyi kazi. Yale ya Kilisun yanatengenezwa hospitali ya KCMC Moshi mahsusi kwa ngozi hiyo, ulizia kliniki.

Baruti za mkesha wa mwaka mpya, na kuchoma matairi?

Hapana na hapana.

Mtoto akipotea kwenye umati wa ufukweni naanzia wapi? (Dada, Buguruni)

Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu kabla hamjatoka nyumbani, na mpige picha asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo. Akikosekana, usianze kwenye vibanda vya aiskrimu. Anza majini.