Laleni Kisiwani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata na mamako nimemsomea. Wasema wenzako wanne wa kazini wataka kuja Mombasa mapumziko ya Mashujaa, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu, tarehe 20 Oktoba, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari. Waniuliza mkodi nyumba Diani au Nyali, na mfanye nini wasije wakaijutia nauli yao.

Si Diani wala si Nyali, mwanangu. Laleni kisiwani.

Nimeona wageni wengi wakishuka kwenye treni pale Miritini, wakaingia gari, wakaukatiza mji vioo vimefungwa, wakaenda kukaa siku tatu kando ya kidimbwi cha hoteli. Wakirudi Nairobi husema wameijua Mombasa. Huniuma kila nikisikia hivyo. Kisiwa chetu ni kama kilomita za mraba 14 tu, na fuo hizo zote zinazosifiwa ziko bara, ng'ambo ya maji. Lakini watu, masoko, misikiti, mahekalu, vyakula na meli, yote hayo yako huku ndani. Wenzako wakilala hapa ndipo watakapousikia mji unavyoamka na unavyokesha.

Diani ni pazuri, sikatai. Lakini ni kilomita kama 30 kutoka Likoni, na nyinyi hamna gari. Wenye gari siku hizi hupita barabara ya Dongo Kundu bila kugusa feri. Nyinyi mtavuka kwa feri kisha mpande matatu, na siku za sikukuu huko kwenda na kurudi kutakula siku nzima. Pawekeni mpaka mpate likizo ya wiki.

Tafuteni nyumba Kizingo au Ganjoni. Upepo wa bahari wafika, na pako karibu na kila mahali. Mji wa Kale pia kuna nyumba za kupangisha wageni, nami ningependa mkae huko, ila waambie mapema kwamba vichochoro ni vyembamba, gari halifiki mlangoni, na adhana ya alfajiri itawaamsha. Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba mambo mawili: kama feni au eya kondishena yafanya kazi, na kama maji ya bafuni ni ya mfereji au ya kisima. Visima vya hapa vingi vina chumvi, na mtu asiyezoea hulalamika kwamba sabuni haitoi povu.

Tiketi za treni kateni sasa hivi, msingoje Oktoba, kwa sababu wikendi za sikukuu hujaa mapema mno. Mkipata ya mchana wa Ijumaa, mtafika usiku wa mapema. Ile ya usiku huwashusha Miritini kabla hakujapambazuka, na siku ya kwanza yote huishia kitandani. Miritini pia ni bara, kwa hivyo mpatane na wenye tuktuk au teksi bei kabla ya kupanda, au mpande matatu ya mjini.

Jumamosi amkeni mapema. Saa moja mko barabarani mkila mahamri na mbaazi za nazi, saa mbili mko Ngomeni, yaani Fort Jesus. Jua likishapanda, ile ngome huwa tanuri. Wenzako ni watu wa kusoma, basi usiwaache wapige picha tu na kuondoka. Waambie Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na kwamba Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, watu ndani wakifa kwa njaa na maradhi. Kisha wapeleke kwenye chumba cha makumbusho wakaone vitu vilivyotolewa baharini kutoka kwa Santo António de Tanna, merikebu ya Kireno iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa ikazama papo hapo chini ya kuta mwaka 1697. Ukishaviona vile vyombo, halafu ukapanda juu ya ukuta ukayatazama yale maji, kisa chote hukuingia. Waingereza nao waliifanya jela, mpaka 1958. Kiingilio hulipwa kwa simu, kwa hivyo kila mtu awe na pesa kwenye M-Pesa.

Mkitoka hapo ingieni Ndia Kuu kwa miguu, polepole, mkitazama milango ya nakshi na roshani za mbao, mpaka Msikiti wa Mandhry na Bandari ya Kale. Wenzako wavae nguo za kusitiri magoti na mabega, wa kike na wa kiume. Na wasimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Hayo ni makao ya watu, kuna wazee wamekaa barazani na watoto wanatoka chuo cha Kurani. Ukitangulia kutoa salamu, utashangaa jinsi nyuso zinavyofunguka na watu wanavyowaelekeza wenyewe.

Biashara Street ni lazima iwe Jumamosi, kwani Jumapili maduka mengi hufungwa, na Jumatatu ni sikukuu. Leso huuzwa kwa doti, na mafundi walio papo hapo watazikata na kuzipinda mkisubiri. Marikiti iko karibu, mnunue iliki na mdalasini. Simu ziwe mfuko wa mbele, mikoba ivaliwe kifuani.

Adhuhuri rudini mkalale. Nasema kweli, laleni. Wageni wengi hushindana na jua la saa saba, na jioni, mji unapochangamka, wao wamechoka wana kichwa kinawauma.

Alasiri teremkeni Mama Ngina. Ile bustani imetengenezwa upya tangu 2019, lakini mibuyu ni ile ile uliyokuwa ukichezea chini yake. Nunueni mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kachri, madafu, na mketi mkono wa bahari. Meli za makontena hupita karibu sana zikiingia Kilindini, na kwa mtu asiyewahi kuona bahari sijui kitu kitakachomtia mshangao kuzidi hicho. Familia nzima nzima hutoka jioni hiyo, watoto wanakimbia, vijana wanapiga gumzo. Msiondoke mapema. Baadaye mtafute mishkaki na viazi karai, kisha kahawa tungu na kashata Mji wa Kale. Kama wako wanaotaka disko, Mtwapa ndiko kwenyewe. Ni watu wazima, siwazuii, lakini waende pamoja, warudi pamoja, na wawe na dereva mnayemjua.

Jumapili ndiyo siku ya kuogelea, na hapa nisikilize sana, kwa sababu watu wa bara hupanga siku ya bahari kwa saa ya mkononi na wala hawayaulizi maji. Wikendi hiyo mwezi utakuwa ukielekea kuandama, kwa hivyo ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Asubuhi, kama saa tatu hadi saa nne, maji yatakupwa mpaka mbali, na mgeni akiona mchanga na mwani mtupu hudhani amedanganywa. Huo ndio wakati wa kutembea Nyali hadi karibu na mwamba kutazama viumbe kwenye vidimbwi. Wavae viatu vya mpira, maana kuna wale viumbe weusi wenye miiba. Maji yakianza kugeuka, nanyi mgeuke: siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa yapita mita 3, na hujaa upesi kuliko mgeni anavyodhani. Kisha mchana nendeni ufuo wa Pirates, kule Bamburi, mkaogelee maji yakiwa yamejaa. Jumapili pale hufurika watu, ngamia, wauza madafu na wenye maboya ya kukodi. Asiyejua kuogelea asipite maji ya kiunoni. Hilo nakuachia wewe kama amana, kwa sababu wewe ndiwe mwenyeji wao.

Upepo usikutie wasiwasi. Kusi huwa limelegea Oktoba na kaskazi bado, bahari hutulia. Mvua ya vuli yaweza kupita, lakini huwa ni ya muda tu.

Jumatatu msiijaze. Asubuhi vukeni feri kwa miguu hadi Likoni na kurudi. Mwenda kwa miguu halipi, na ile safari ya dakika chache ndani ya umati wa watu wa mji huu wenzako wataikumbuka. Kisha mje nyumbani kwa chakula cha mchana, mamako ameshasema ni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kama treni yenu ni ya alasiri, muondoke kwetu saa mbili na ushei kabla, kwa sababu ya foleni ya Changamwe na ukaguzi wa mizigo stesheni.

Wewe mwenyewe utalala kwenu, chumba chako kiko tayari. Wenzako wanne hatuna nafasi ya kuwalaza, ila mlango uko wazi saa zote. Niandikie wiki hii ni nani asiyekula samaki na ni nani asiyeweza pilipili, mamako apate kujua. Na tiketi ukishakata, nitumie saa ya kufika, nitakuja Miritini kuwapokea.

Wakusalimu shangazi yako na majirani wote.

Babako