Nyumba ya Mji Mkongwe imepigwa saruji: ninunue?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni Mzanzibari, naishi Muscat. Nimeonyeshwa kwa video nyumba ya ghorofa mbili Mji Mkongwe, upande wa Malindi. Imepigwa plasta mpya ya saruji na rangi nyeupe, ila chumba cha chini rangi imeanza kubabuka karibu na sakafu. Dalali anasema ni jambo dogo, fundi atapaka dawa ya kuzuia maji kabla sijalipa. Nimwamini?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usilipe bado. Na hiyo rangi inayobabuka hainitishi kama plasta ambayo dalali anakutajia kuwa ni sifa.

Maneno haya nayasikia kila siku: "Nyumba imeshaimarishwa, imepigwa saruji." Imeimarishwa wapi? Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, nene kiasi cha nusu mita, na chini hazina kitu cha kuzuia maji ya ardhini. Unyevu ulikuwa unapanda enzi za Sayyid Barghash na unapanda leo. Chokaa huuachia utoke taratibu. Ukiuziba kwa saruji haurudi chini, unazidi kupanda ndani kwa ndani kutafuta pa kutokea, na chumvi inaganda nyuma ya plasta hadi uso wa jiwe unakuwa unga. Mtu wako agonge ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukilia debe tupu, plasta imeshaachana na jiwe, na siku itakapobanduka itatoka na vipande vya jiwe.

Kisha boriti. Mkoko ni mti mgumu, lakini ncha iliyofungiwa ndani ya ukuta unaotota mwaka mzima huoza, na huioni. Apande na bisibisi, aidunge kila boriti pale pale inapoingia ukutani, hasa chini ya choo na chini ya mfereji wa paa. Aangalie pia kama juu ya boriti hizo kuna mtu kamimina zege. Nimeziona nyumba za namna hiyo: uzito umeongezeka, ukuta umetoa tumbo kuelekea uchochoroni, na mwenyewe anajisifu kwa sakafu ya vigae.

Sasa hiyo dawa ya kuzuia maji, ndiyo inayonimaliza subira. Ni kuziba palipokwishazibwa. Rangi itapendeza mpaka masika, na kufikia hapo fundi keshalipwa na dalali hapokei simu. Mafundi wa chokaa wapo, ila chokaa yao hulowekwa shimoni wiki nyingi na hupakwa tabaka kwa tabaka, na mnunuzi anataka kuhamia kabla ya Ramadhani. Kwa hiyo anamchukua yule anayetia saruji "kidogo tu, iwahi kukamata", halafu anaiita chokaa.

Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe la 1883, lilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, wengi waliona hayo ni mambo ya majumba ya Serikali. Nyumba za vichochoroni nazo huanguka, hasa mvua zikizidi, ila hakuna anayezipiga picha. Nyingi zina kuta za pamoja na jirani, kwa hiyo hata ukitengeneza yako vizuri, bafu lake linaweza kukulowesha. Wanunuzi wanauliza idadi ya vyumba na kama bahari inaonekana kutoka juu. Kuhusu ukuta, kimya.

Kwako wewe: mwambie dalali plasta ibanduliwe ukanda mmoja, kutoka sakafuni mpaka usawa wa bega, mbele ya mhandisi uliyemchagua wewe. Omba kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe cha kazi hiyo ya saruji, na uulizie Kamisheni ya Wakfu uhakikishe kwamba nyumba si ya wakfu, maana hizo nazo zinatembezwa sokoni. Vyote vikiwa sawa, gharama ya kuitoa saruji yote na kurudisha chokaa ikatwe kwenye bei. Akikataa kubandua, tafuta nyumba nyingine.