Maswali na majibu: Ndege wanaodonoa ndama

Msimu wa kuzaa unapofika, barua zinazolalamikia ndege huongezeka. Nimechagua chache, zilizouliza jambo lilelile nimeziunganisha.

Swali: Mtamba wangu alizaa machungani mchana. Nilipofika nilikuta tumbusi wameshanyofoa macho ya ndama na kumrarua kitovu. Nitajuaje kama walimuua au walikuta ameshakufa?

Pole sana. Jibu liko kwenye mzoga wenyewe, mradi uuwahi kabla haujaliwa wote. Piga picha kwanza, kisha vaa glavu uchune ngozi kandokando ya majeraha. Ukikuta damu imevilia chini ya ngozi, ndama alikuwa hai alipodonolewa, maana moyo uliosimama hausukumi damu. Nyama ikiwa imepauka bila damu kuvilia, tumbusi walikuta mzoga.

Tazama na kwato. Ndama huzaliwa na utando laini kwenye ncha za kwato, nao huchakaa anapoanza kutembea. Ukiwa bado mzima, huyo hakutembea. Halafu kata kipande cha pafu ukitie kwenye ndoo ya maji: kikizama, yaelekea ndama hakuwahi kuvuta pumzi.

Nasisitiza uchunguzi huu kwa sababu ndege hubebeshwa vifo vingi ambavyo chanzo chake ni mama kuzaa kwa shida. Ukiishia kufukuza ndege, mtamba mwingine atakutia hasara ileile. Hata hivyo si kwamba wanasingiziwa siku zote: tumbusi weusi wa Amerika huvamia kwa kundi na kuua ndama aliye hai, na kunguru wakubwa hudonoa macho ya ndama asiyeweza kuinuka.

Swali: Je, tai anaweza kumnyakua ndama akaruka naye?

Hapana. Hata tai wakubwa kabisa wana uzito wa kilo 9 hivi, na ndama wengi huzaliwa na kilo 25 hadi 45. Vitoto vya mbuzi ni habari nyingine.

Swali: Nina ng'ombe wanne tu na kazi nyingine za kufanya. Siwezi kushinda nao malishoni. Nifanyeje?

Huhitaji kushinda nao. Saa za hatari ni chache: tangu mama alale kuzaa hadi ndama asimame imara na kunyonya. Kiwele kikijaa na chuchu zikakaza, msogeze karibu na nyumba, kwenye zizi dogo lenye paa. Tumbusi ni ndege mzito, hapendi kutua mahali finyu ambapo hawezi kupaa upesi. Anza na mitamba wanaozaa kwa mara ya kwanza, kwani huchukua muda mrefu na wengine humwacha ndama chini wakashangaa.

Lisha wenye mimba jioni badala ya asubuhi. Wanaolishwa hivyo huelekea kuzaa mchana, ukiwa macho uweze kusaidia. Lakini ndege nao wako macho saa hizo, kwa hiyo zizi lisikosekane.

Ndama akitoka, pangusa pua, paka kitovu aidini, na uhakikishe amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 6 za mwanzo. Kondo la nyuma likidondoka, lifukie mara moja, tena kwa kina ambacho mbwa hawatalifukua. Hilo ndilo linalowaita ndege kabla hawajamwona ndama. Likipita saa 24 halijatoka, usilivute. Muite daktari wa mifugo.

Swali: Sanamu na fataki zinasaidia?

Kwa siku chache, kisha ndege wanazoea. Kilicho bora ni mfano wa tumbusi mfu, uliotundikwa kichwa chini na mabawa yamefunguka, karibu na mti wanaolala. Mara nyingi kundi huhama. Usiue ndege ili upate wa kutundika. Katika nchi nyingi wanalindwa na sheria. Marekani, kwa mfano, inawalinda kwa sheria ya mwaka 1918 na mfugaji hulazimika kuomba kibali. Mbwa aliyekulia na ng'ombe anashinda fataki zote.

Swali: Jirani ananishauri nitie sumu kwenye mzoga. Unasemaje?

Usithubutu! Utaua mbwa wako na wa jirani huyohuyo, na kila atakayekula mizoga yao. Tena ukiwamaliza tumbusi, mizoga itabaki ikioza na mbwa wa porini watazidi. Kusini mwa Asia ilitokea bila hata mtu kukusudia: ng'ombe wagonjwa walitibiwa kwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, waliokufa wakaliwa na tumbusi, na figo za tumbusi zikafeli. Spishi tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Dawa nyingine, meloksikamu, hutuliza maumivu vilevile na haiwadhuru tumbusi, kwa hiyo muulize daktari wako juu yake.

Swali: Yangeyange na shashi wanaotembea na ng'ombe wangu, niwafukuze?

Yangeyange waache, wanakula panzi wanaokurupushwa na kwato. Shashi anakula kupe, lakini hunywa damu pia na hudonoa kidonda kisipone. Ng'ombe mwenye jeraha mtibu na umweke ndani hadi likauke. Ukiogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, chagua isiyodhuru ndege, la sivyo utamuua mfanyakazi usiyemlipa.