Fizi zinamsumbua, ila homa na kuharisha si meno

Pole mama, unauliza kama homa na kuharisha kwa mwanao wa miezi 6 ni meno yanayoota, na kuna mtu anayekwambia ni "meno ya plastiki". Mtoto wa miezi 6 anayetokwa udenda na kutafuna kila kitu, huenda kweli meno yanakuja. Nawa mikono umsugue fizi taratibu kwa kidole, au mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi yaliyochemshwa, akitafune huku unamwangalia. Akihangaika sana usiku, parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake inatosha. Jeli za ganzi zenye benzokaini achana nazo. Tangu 2018 Marekani imeonya wasipewe walio chini ya miaka 2, maana zinaweza kufanya damu ishindwe kubeba oksijeni.

Ila hiyo homa na kuharisha usiyasingizie meno. Joto likifika nyuzi 38 mpeleke kituo cha afya apimwe, malaria ikiwemo. Na nakusihi, huyo anayesema ni "meno ya plastiki", yaani vijino vyeupe vinavyodhaniwa kuleta homa na kuharisha, na kwamba yang'olewe, usimpe mtoto! Kile kitu cheupe kinachoonekana kwenye fizi ni chonge changa ambalo halijatoka. Wakikichokonoa kwa spoku ya baiskeli wanamwachia kidonda, pengine na pepopunda, na kuharisha kuko palepale.