Amplifaya za Zamani kwa Spika za Sebuleni: Maswali na Majibu

Spika zangu zimeandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) na desibeli 86. Nimeonyeshwa amplifaya mbili, Marantz 2270 na NAD 3020, zote nzima. Nichukue ipi?

Anza na spika, si na jina la amplifaya. Desibeli 86 ni kiwango cha sauti kinachopimwa mita 1 mbele ya spika inapopewa wati 1, na kila unapoongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu. NAD, iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na wati 20 kila upande, itafika karibu desibeli 99, na Marantz yenye wati 70 itafika 104 na kitu. Tofauti hiyo inasikika, lakini ni ndogo kuliko mtu anavyodhani akizitazama namba 20 na 70. Kwa sebule ya kawaida NAD inatosha, na Marantz inamfaa mwenye ukumbi mkubwa. Kwangu mimi linalotangulia yote ni matunzo: ile ambayo fundi makini amekwisha kuibadilishia kapasita (vipande vya kuhifadhi umeme) zilizokauka ndiyo ya kununua.

Je, amplifaya ndogo inaweza kuunguza spika kubwa?

Inaweza. Ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatika vilele, na twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo huungua kwanza. Ukisikia sauti inakwaruza, punguza mara moja.

Amplifaya yangu ina swichi ya A na B. Naweza kuwasha jozi mbili za spika za omu 4 kwa pamoja?

Usifanye hivyo. Katika amplifaya nyingi jozi hizo huungwa sambamba, kwa hiyo omu 4 na 4 huwa 2, na transista, yaani vipande vya ndani vinavyokuza sauti, hulazimika kutoa mkondo mkubwa kuliko zinavyoweza kuhimili.

Nimepata amplifaya ya Sansui iliyotengenezwa kwa soko la Japani. Nichomeke tu?

Hapana. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na wetu ni 230 hadi 240. Tazama kwanza nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti. Isipokuwepo, tafuta transfoma ya kushusha hadi 100 kamili, kwa sababu zile za 110 zinazouzwa kwa wingi huizidishia mashine asilimia 10 kila siku.

Nikague nini dukani?

Nenda na multimita, kifaa cha kupimia umeme. Amplifaya ikiwa imewashwa, sauti imeshushwa kabisa na spika hazijaunganishwa, pima umeme wa moja kwa moja (DC) kati ya tundu jekundu na jeusi la kila upande. Chini ya milivolti 50 ni salama; ukiona mamia ya milivolti, au volti nzima, usiunganishe spika zako hata kwa majaribio, kwani umeme huo hupasha moto koili ya spika hadi iungue. Kisha zungusha polepole kitufe cha sauti huku ukisikiliza kwa spika ya majaribio ya muuzaji. Mchakacho wa vumbi huondoka kwa dawa ya kusafishia, lakini upande mmoja ukiwa kimya au ukinguruma mfululizo, omba bei ipunguzwe kwa kiasi cha gharama ya fundi, au uiache.